Msimsingizie mwewe: mchawi ni banda lako

Ndugu zangu vijana, nimepewa nusu saa nizungumzie kuku. Najua wapo waliocheka waliposikia. Kijana wa mjini, cheti cha kidato cha nne mfukoni, anakaa kitako kusikiliza habari za kuku! Haya, cheka. Ukimaliza niambie mtaji wako uko wapi. Benki inataka hati ya nyumba ambayo hata mzee wako hana. Kuku hataki hati. Anataka ua, banda na mtu anayejua kuhesabu. Ua unao, hata kama mmegawana na wapangaji sita. Banda unalo, ingawa nitalisema vibaya sasa hivi. Hiyo hesabu ndiyo iliyonileta hapa.

Chukua tetea mmoja wa kienyeji. Anataga mayai 12 au 15, anaatamia siku 21, anaangua vifaranga, tuseme 10. Nenda Mbagala, nenda Tandale, nenda Kigogo, umuulize mwenye tetea huyo baada ya miezi miwili amebakiwa na wangapi. Mara nyingi utaambiwa watatu, akiwa na bahati wanne. Wengine wako wapi? "Mwewe." Na wengine? "Nguchiro." Na wale wengine? Hapo ataangalia pembeni, atashusha sauti na kumtaja jirani. Sijasikia bado mtu akilitaja banda lake.

Basi tuwapandishe washitakiwa kizimbani, kila mmoja ajibu lake.

Mwewe ni mwizi wa mchana. Hushuka, hunyakua kifaranga, huyo amekwenda. Kuku mkubwa hambebi. Kwa hiyo ukiamka asubuhi ukakosa majogoo wawili, mwache mwewe wa watu alale. Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya waridi au zambarau na kuapa kwamba mwewe huwaogopa. Mimi namwamini zaidi bibi wa kijijini anayewafunika kwa tenga wiki nne za mwanzo, maji na chakula ndani, mama yao pembeni.

Kunguru naye hula mayai na vifaranga, na huyu ana historia. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, enzi za Waingereza, eti aje kusafisha takataka za mji. Takataka zipo mpaka leo, na kunguru wakazaana wakavuka bahari, wakajaa Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Mkubwa akikuletea mfagizi, muulize kwanza mfagizi huyo anakula nini.

Nguchiro naye hutembea mchana, mwembamba kama kamba, anapita mahali ambapo ungeapa hapapitiki. Kanu na kicheche ni wa usiku. Kicheche akipata upenyo haui mmoja wa kula, anaua anaowafikia, na asubuhi unakuta mizoga imelala, shingo zimetafunwa. Panya anachimba chini na kumvuta kifaranga kutoka kwenye bawa la mama yake. Nyoka anameza yai zima, huoni hata ganda. Siafu ndio wabaya kuliko wote, kwa sababu kuku anayeatamia hukubali kutafunwa kuliko kuacha mayai yake.

Halafu yuko yule wa miguu miwili. Huyo utamtambua kwa usafi wa kazi: hakuna damu, hakuna nyoya, na mlango ameurudishia vizuri.

Mwuaji mkubwa kuliko hawa wote hana kucha wala meno. Ni mdondo, wengine wanauita kideri. Unaingia mtaani na ndani ya wiki moja unafagia mabanda yote, halafu watu wanasema wamerogwa. Chanjo ipo, ile ya I-2 inayotengenezwa hapa hapa nchini, tone moja jichoni, kisha unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kama hujachanja, haya mengine ninayosema ni porojo kwako.

Tuje sasa kwenye banda. Hebu tusemane ukweli. Banda la kijana wa mjini ni mabati manne ya kuokota, limeegeshwa ukutani, sakafu ni udongo, mlango umefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Ndani kuku ishirini wamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Joto la bati mchana lingechemsha chai. Halafu unalalamika kwamba kicheche kaingia! Kwa nini asiingie? Umemwandalia karamu na mlango wa mpira.

Usiniambie huna fedha. Mbao za makontena na mabati chakavu vinatosha, kinachotakiwa ni akili. Inua sakafu juu ya nguzo, futi mbili au zaidi kutoka ardhini. Kila nguzo izungushie kipande cha bati laini ili panya asikwee, na chini paka oili chafu kuzunguka nguzo kwa ajili ya siafu. Kama huwezi kuinua, basi chimba msingi wa futi moja ujaze mawe, maana kicheche na panya wote ni wachimbaji. Ule wavu wa kuku wenye matundu mapana unamzuia kuku kutoka, haumzuii nguchiro kuingia. Tafuta wenye matundu ambayo kidole gumba hakipiti. Mlango uwe na bawaba na komeo la chuma, na kufuli kwa ajili ya yule wa miguu miwili. Juu acha nafasi ya hewa, nayo uifunike kwa wavu huo huo.

Ndani weka fito za kulalia. Kuku ni ndege, usiku anataka kukaa juu, si kulala kwenye mavi yake. Weka viota vyenye kivuli, na kona yenye vumbi kavu na majivu, kwa sababu kuku huoga vumbi kuondoa utitiri. Na kila jioni, kabla hujaenda kuangalia mpira, hesabu. Asiyehesabu jioni hawezi kujua kama aliibiwa na mwewe au na mtu.

Msitegee sumu. Mtu anapaka nyama sumu ya panya anaitupa uani. Atakayekula kwanza ni mbwa wa jirani, au kuku wake mwenyewe, au mtoto anayetambaa. Na paka wa jirani msimmwagie maji ya moto. Hilo ni kosa la jinai, na hapa ndipo ninapoingia kwenye sheria, ambako ndiko patamu.

Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Wangapi hapa wameisoma? Sioni mkono. Sheria hiyo inatambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na inatambua uhuru wake wa aina tano: asikae na njaa na kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na ugonjwa au jeraha bila tiba, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, na asiishi kwa hofu. Haya mambo matano yalianzia Uingereza. Mwaka 1964 mama mmoja, Ruth Harrison, aliandika kitabu kuhusu wanyama wanaofugwa kama mashine, watu wakashituka, na mwaka uliofuata kamati ya Profesa Brambell ikatoa ripoti serikalini.

Wazungu wenyewe walichukua muda mrefu. Jumuiya ya Ulaya ilipitisha mwaka 1999 amri ya kuondoa vile vizimba vya waya vya kuku wa mayai, na ikaanza kufanya kazi kamili Januari 1, 2012. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa sentimita za mraba 550 kwa kuku mmoja, yaani pungufu ya karatasi moja ya kuchapia barua. Maisha yake yote hapo! Leo kule, kuku wanaofugwa nje ya vizimba hawatakiwi kuzidi 9 katika mita moja ya mraba, kila mmoja apate sentimita 15 za fito, na kiota kimoja kwa kuku 7. California, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2008 na tena 2018 kuhusu nafasi ya kuku. Kura ya kuku, wenzangu!

Sasa chukua vipimo hivyo uvilinganishe na banda lako la mpira wa tairi. Ukiniuliza mimi, kwa joto la Dar es Salaam kuku watano kwa mita ya mraba wanatosha. Lakini tazama jambo moja. Fito anazotaka mwanasheria ndizo zinazomweka kuku juu, mbali na panya. Nafasi inayotakiwa ndiyo inayozuia kuku kudonoana na kuambukizana. Mahali asipoishi kwa hofu ni mahali ambapo kicheche hafiki. Aliyeandika sheria na anayetaka faida wanajenga banda lile lile.

Ninachokasirikia mimi ni jinsi sheria hii inavyotembea. Nenda soko la kuku Shekilango uone matenga yanayoshushwa, kuku wametoka Singida na Dodoma wamepangwa kama magunia, wengine wamekufa njiani. Hasara hiyo ni ya nani? Ni ya mchuuzi, kijana kama wewe. Pikipiki inapita na kuku thelathini wananing'inia vichwa chini, miguu imefungwa kamba, kidevu kinakaribia lami. Hakuna anayemsimamisha na kumwelimisha. Sheria inakumbukwa siku mgambo anapotaka kukusumbua, basi.

Na wakubwa je? Mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa kwa moto. Vyombo vya habari wakati ule viliripoti kwamba vilikuwa hai. Serikali ilisema inazuia mafua ya ndege. Mafua ya ndege si mzaha, na kuzuia mpakani ni kazi halali ya serikali. Lakini kuua ni jambo moja, kuchoma kiumbe hai ni jambo jingine, na sheria ya 2008 ilikuwa na miaka tisa kabatini. Akinijia ofisa kesho kunifundisha ukatili kwa kuku, nitamsikiliza, kisha nitamuuliza kuhusu Namanga.

Lakini msinisikie vibaya. Kwamba mkubwa ameivunja sheria si ruhusa ya wewe kumning'iniza kuku kichwa chini. Mshike mabawa yote mawili pamoja na mwili, umweke kwenye tenga lenye nafasi, umsafirishe alfajiri kabla ya jua. Atafika mzima, na mzima ndiye anayeuzika.

Kitu cha mwisho ni sheria ndogo. Kila halmashauri ina zake kuhusu kufuga mjini: umbali wa banda na nyumba ya jirani, harufu, kuku wanaozurura. Usingoje uonyeshwe kipengele siku banda linapovunjwa. Kesho asubuhi nenda ofisi ya kata, muulize afisa mifugo, omba kuiona kwa macho yako na unakili kwa mkono. Muulize pia chanjo ya mdondo inapatikana duka gani. Akikuambia njoo kesho, nenda kesho. Akisema faili limepotea, nendeni watano.