Usimwambie "Nitarudi"

 

Nianze na maparachichi matatu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika baridi ile ya Juni ambayo mtu akiongea mvuke unamtoka kinywani. Nilikuwa stendi ya Igumbilo, hapa Iringa, nasubiri basi la kwenda Mbeya. Mama mmoja akanijia na beseni kichwani. "Dada, niungishe. Tangu nimefika sijafungua." Nilikuwa na mizigo, sikutaka kununua kitu. Wala sikutaka kumvunja moyo. Basi nikalitoa lile neno letu: "Nitarudi Alhamisi, nitachukua." Akashusha beseni. Akabonyeza parachichi moja kwa kidole gumba, pale karibu na kikonyo, akaliacha. Akabonyeza jingine, na jingine, mpaka akapata matatu yaliyokuwa bado magumu. "Haya yataiva Alhamisi," akasema. Akayafunga kwenye kipande cha gazeti, akayasogeza pembeni mwa beseni.

Alhamisi niliteremka Ipogoro, nikapanda bajaji, nikaenda zangu mjini. Sikumkumbuka hata kidogo. Wiki mbili baadaye nilipita tena Igumbilo, naye akaniona kabla sijamwona. Hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, yale niliyokuwekea yalioza."

Leo tunazungumzia kazi ambazo watu wanapenda kuzichukia, na hasa yule muuzaji anayekung'ang'ania mpaka unatamani kupita njia nyingine. Nimetanguliza kosa langu kwa sababu kila ninaposikia watu wa hapa kwetu wakiwalalamikia wapiga debe na wachuuzi, nasikia habari nusu. Nusu ya pili imo midomoni mwetu wenyewe.

Tuanze na mpiga debe, maana sidhani kama kuna mtu anayetukanwa pale stendi kumzidi yeye. Debe mnalijua, lile la bati la lita 20 tunalopimia mahindi. Ukiligonga, mtu wa mbali anageuka. Hiyo ndiyo kazi yake, kukufanya ugeuke. Lakini ni wachache wanaojua analipwaje. Hana mshahara. Hana mkataba. Gari likijaa, kondakta anamkatia chochote. Lisipojaa, au likijazwa na mwenzake, ameshinda bure. Na nyuma ya kondakta wa daladala yuko mwenye gari, anayesubiri hesabu yake jioni, liwe limebeba watu au limebeba upepo. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyewafuatilia kwa miaka mingi wafanyakazi wa daladala za Dar es Salaam na kutoa kitabu juu yao mwaka 2017, ameonyesha namna hesabu hiyo inavyowasukuma dereva na kondakta kukimbizana, kulundika abiria na kufanya kazi kwa saa nyingi mno. Mwenye gari anamsukuma dereva, dereva anamsukuma kondakta, kondakta anamsukuma mpiga debe, na mpiga debe anakusukuma wewe mgongoni huku ameshika begi lako.

Kwa hiyo ukimsikia anasema "gari inaondoka sasa hivi, imebaki siti moja," jua kwamba ufike Mbeya saa ngapi, hilo halimhusu. Linalomhusu ni wewe kukaa. Iko mbinu moja ambayo ukishaijua utaiona kila stendi. Unapanda gari unakuta watu saba wametulia, mmoja kavuta kofia usoni kama amelala. Unaona linakaribia kujaa, unalipa. Dakika kumi zinapita. Akija abiria wa kweli, yule aliyelala anaamka na kushuka. Akija mwingine, anashuka wa pili. Walikuwa wamepangwa. Ukitaka kuwatambua, tazama mapajani na miguuni: mtu anayesafiri kweli ana mzigo, ana chupa ya maji, ana mtoto, ana tiketi mkononi. Wale hawana kitu.

Halafu kuna la begi. "Mama, nikusaidie begi tu." Linasikika kama wema, na pengine ni wema. Lakini ukishamwachia begi, miguu yako inalifuata. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Jonathan Freedman na Scott Fraser, walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili. Wenye nyumba huko California waliombwa waruhusu bango kubwa, baya la kutazama, lisimikwe mbele ya nyumba zao, la kuwahimiza madereva waendeshe kwa uangalifu. Kati ya walioombwa moja kwa moja, waliokubali hawakufika hata mmoja kati ya watano. Lakini kati ya wale ambao wiki mbili nyuma walikuwa wamekubali kuweka kibango kidogo cha ujumbe huohuo, waliokubali walizidi robo tatu. Ndiyo ndogo ilikuwa imeshafungua njia ya ndiyo kubwa. Mpiga debe wa Igumbilo hajasoma utafiti huo, lakini anaujua kwa mikono yake. Begi ndilo kibango kidogo.

Sasa turudi kwenye nusu yetu sisi.

Watu wa nyanda hizi tumelelewa kutomkatalia mtu waziwazi. Mgeni haambiwi hapana. Ni malezi mazuri, nayapenda, nami nimewalea wanangu hivyo. Lakini sokoni na stendi malezi hayo yamezaa uongo mdogomdogo: "Nitarudi." "Nazunguka kwanza." "Nitapita kesho." Muuzaji anayasikia hayo mara hamsini kwa siku. Na katika hao hamsini, wawili watatu wanarudi kweli. Hapo ndipo ubaya ulipo. Kwa kuwa hajui ni wepi, inambidi awang'ang'anie wote. Ukimwambia nitarudi anakufuata hatua kumi, anapunguza bei, anakuita tena, kwa sababu kwa lugha yetu hiyo bado ni biashara. Tukiulizana kwa nini wachuuzi wa hapa hawasikii hapana, tujiulize kwanza ni lini waliambiwa hapana.

Najua wengine mtasema, huyu dada anawatetea wasumbufu. Hapana. Anayekuvuta mkono, anayekufichia mzigo, anayekutukana kwa sababu hukununua, anakosea, na nitafika hapo. Ila nadhani tunawadanganya kirahisi hivyo kwa sababu hatujawahi kukubali moyoni kwamba ile ni kazi. Na hatukuanza leo. Mwaka 1983, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilitungwa sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi. Mjini ilibidi uonyeshe kazi unayoifanya, la sivyo wewe ni mzururaji, unakamatwa na unaweza kurudishwa kijijini. Wachuuzi wengi wa mitaani waliingizwa kwenye kapu hilo. Ikapita miaka 35. Desemba 2018 Rais John Magufuli akawagawia wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, ili machinga asibughudhiwe. Ikapita miaka mitatu, 2021, machinga nchi nzima wakaondolewa barabarani na kupelekwa maeneo waliyotengewa. Mtu yuleyule, na pengine meza ileile: mzururaji, mjasiriamali, kisha kizuizi cha njia. Sisemi njia za waenda kwa miguu zisisafishwe. Nasema mtu aliyepitishwa humo hawezi kuwa mtulivu anapokuona umeshika pochi. Hajui kesho atakuwa wapi.

Na wapiga debe nao wameshapigwa marufuku stendi mara ngapi? Wanafukuzwa Jumatatu, Ijumaa wamerudi, kwa sababu gari bado linatakiwa lijae.

Basi, tufanyeje? Nieleze ninavyofanya mimi, na wewe uchukue linalokufaa.

La kwanza, usitoe sababu. Sababu ni mlango, na muuzaji mzuri anajua kuufungua. Ukisema "sina hela," atakwambia tanguliza kidogo. Ukisema "nina haraka," atakwambia dakika moja tu. Ukisema "rangi hii siipendi," ndani ya sekunde anaitoa nyingine kwenye mfuko. Sema hivi, huku unamtazama usoni: "Asante ndugu yangu, leo sinunui." Akirudia, rudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile, bila kuongeza. Mara ya tatu endelea na safari yako. Kumtazama usoni ni muhimu. Tunapowapita tumeinamia simu kama vile hawapo, wao nao wanapandisha sauti, au wanakushika bega, maana kwao hujasikia.

Usiulize bei ya kitu usichokitaka. Naomba hili tulikazie, hasa sisi akina mama. Kwetu kuuliza bei ni kujifurahisha, kwake ni mteja aliyefika nusu.

Stendini, begi lako libaki mbele yako, umelishika. Ukiulizwa "unaenda wapi?", hujalazimika kujibu. Kama hujui gari, nenda kwenye ofisi ya basi lenyewe, kata tiketi dirishani, usiipokee mkononi kwa mtu aliyesimama njiani. Isome kabla hujaondoka: jina lako, tarehe, saa, namba ya gari, nauli uliyolipa. Nauli za mabasi zina ukomo unaopangwa na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019. Ukitozwa zaidi ya ukomo huo, una mahali pa kulalamika, na tiketi ndiyo ushahidi wako. Bila tiketi unabaki na maneno.

Na kwa wanaouza dukani au mlango kwa mlango: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya au kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Akikwambia kitu ni kipya kumbe kimetumika, hiyo haiitwi ujanja wa biashara, ni kosa. Kuna Tume ya Ushindani kwa ajili hiyo. Anayekushika mwili au kukunyang'anya mzigo, huyo hayuko tena kwenye mauzo. Usibishane naye bei. Ita askari wa stendi, na uite kwa sauti. Nilishawahi kuona kijana akimvuta bibi kwa kamba ya kiroba mpaka bibi akapiga goti, na sisi wengine wote tukasimama tukitazama kwa huruma. Huruma ile haikumsaidia bibi kitu. Alipopaza sauti mzee mmoja, mmoja tu, wapiga debe wenzake yule kijana ndio waliomwondoa. Wanawajua waharibifu wao kuliko sisi, na wanachukia kuwekwa nao fungu moja.

Nina neno pia kwa mnaouza, maana najua redio ziko wazi vibandani. Mteja aliyesema asante sinunui, mwache aende. Ukimfuata, kesho atapita upande wa pili wa barabara, na atawapitisha wenzake hukohuko.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Dar es Salaam. Mlima Kitonga tumeshaupanda, tukasimama Ilula. Mnapafahamu, basi halijatulia vizuri tayari ndoo za nyanya na vitunguu viko madirishani, mikono imeinuliwa, kila mtu anaita. Kijana mmoja akaja dirishani kwangu na ndoo ya nyanya, nyekundu, zile kubwa zikiwa zimepangwa juu. "Mama, niungishe, bei maelewano." Nikamtazama, nikamwambia, "Asante mwanangu, leo sinunui." Akanikazia macho kidogo, kama anapima. Kisha akasema, "Haya mama, safari njema," akahamia dirisha la nyuma yangu.

Nyuma yangu alikaa baba mmoja mwenye koti. Akauliza bei. Akataka ipunguzwe, ikapunguzwa. Akataka zigeuzwe aone za chini, kijana akaishusha ndoo, akazigeuza moja moja, akaipandisha tena. Dereva akapiga honi, basi likaanza kusogea. "Nikirudi, kijana," baba akasema, "nikirudi nitachukua." Kijana akawa anakimbia kando ya basi, ndoo ameiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, anapaza sauti, "Unarudi lini, mzee? Unarudi lini?"