Fyuzi ni mlinzi, tusimfunge mdomo

Maneno tuliyoyatoa kwenye mkutano wa wanachama, Kavimvira



Mmetuuliza kwa nini karakana yetu iliomba feza ya mita ya kupimia umeme, wakati watu wanalia tele zao zimekufa. Tutajibu kwa habari ya tele moja tu.

Mama mmoja, mwenzetu aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, alituletea tele yake kichwani, imefungwa kwa kitenge. Jioni watu huwa wanakuja kwake kuangalia mpira, kila mtu anatoa kidogo, njo feza ya shule ya watoto. Sasa ilikuwa imezimika kabisa, hata ile taa ndogo nyekundu haiwaki. Akasema: "Wanangu, watu wameniambia niitupe. Muangalie tu. Kama imekufa, mniambie ukweli."

Zamani tungechukua bisibisi na kuifungua palepale. Siku hizi tunaanza nje. Kwanza priza: tukachomeka taa, ikawaka. Basi kuran iko. Kisha tukaangalia waya, hauna jeraha. Ikabaki fishi, au plagi kama tulivyozoea kusema kule Tanzania.

Kule plagi nyingi zina meno matatu ya mraba, na ndani yake mna fyuzi ndogo. Hapa kwetu, kama Bujumbura, priza ni za matundu ya mviringo. Ndiyo maana wengi tukifika tunakata ile plagi na kufunga nyingine. Mama hakukata, alitumia adapta. Tukafungua plagi: fyuzi yake imekatika.

Kijana wetu mmoja akafurahi: "Njo hii! Tubadilishe, mama aende." Tukamzuia. Fyuzi haikatiki bure. Lazima kuuliza nani kaikata.

Tukachukua ampuli ya zamani, ile yenye kiwaya ndani, ya wati 100, tukaifunga njiani ili kuran ipite kwenye ampuli kwanza ndipo ifike kwenye tele. Tele ikiwa nzima, ampuli inawaka kidogo halafu inafifia. Hii iliwaka kwa nguvu na ikabaki hivyo. Kumbe ndani kuna shoti.

Tukachomoa, tukasubiri, tukafungua, na kabla ya kugusa kitu tukapima kapasita kubwa. Ile inaweza kutunza zaidi ya volti 300 hata tele ikiwa imechomolewa. Hapo njo tukaona: fyuzi ya ndani ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba. Fundi fulani aliona imekatika, akaifunga mdomo. Siku diodi moja ilipoharibika, kati ya zile nne zinazonyoosha kuran ya priza, mlinzi wa ndani hakuwepo tena. Aliyebaki ni yule mdogo wa kwenye plagi. Kama mama angeikata ile plagi, leo pengine tungekuwa tunachanga kwa ajili ya nyumba iliyoungua.

Tulinyamaza kidogo, sababu nasi tulishafanya kosa hilo. Mwanzoni tulifunga waya hivyohivyo kwenye tele ya mwanachama. Ikawaka siku mbili, kisha kadi yake ya umeme ikaungua. Kasha la chama ndilo lililolipa. Hatuwafichi, feza ile ilikuwa yenu.

Ya mama tulibadilisha diodi, tukaweka fyuzi ya kipimo kilichoandikwa kwenye kadi, si zaidi. Tukajaribu tena kupitia ampuli: ikawaka, ikafifia. Taa nyekundu ikawaka. Mama hakusema kitu, akatafuta kiti akakaa.

Basi tunawaomba haya. Kuran ikikatika, chomoa tele, na ikirudi ngoja dakika chache, sababu mara nyingine inarudi na nguvu mbaya. Taa nyekundu ikiwaka lakini kioo ni giza, mulika kioo kwa tochi. Ukiona picha kwa mbali, ni taa za nyuma zimekufa, tele bado inafaa. Tele iliyoingiwa na maji, kama zile za Aprili 2020 Mulongwe ulipofurika, usiijaribu kwenye priza, ilete kwanza. Zile za zamani zenye mgongo mkubwa msizifungue nyumbani, ndani mna volti elfu nyingi. Na fundi yeyote akikuambia "tufunge waya tu", hata akiwa mmoja wetu, mkatalie.

Wafadhili wetu, mita ile inatusaidia kusema ukweli: hii inapona, hii hapana. Tulirudi na vitu vichache. Tusivitupe kabla ya kuvipima.