Sadfa na Urithi: Furu wa Ghuba ya Mwanza na Swali la Istilahi



Lugha ya sayansi hupimwa kwa uwezo wake wa kutenganisha mambo yanayoelekea kufanana. Mhadhara huu unahusu mambo mawili ambayo huchanganywa kwa urahisi: uteuzi wa asili na sadfa. Yote mawili hubadili urithi wa viumbe kizazi hadi kizazi. Hata hivyo, uteuzi una sababu ya kumbakiza huyu na kumwondoa yule, sadfa haina.

Mfano uko shambani Misungwi. Mkulima huchota kwa mkono mmoja njugumawe kutoka katika gunia lenye punje nyeupe, nyekundu na nyeusi. Akipanda hizo tu, mavuno yake yatakuwa na uwiano mwingine wa rangi, na huenda nyeusi isiwemo kabisa. Nyeusi haikuwa dhaifu. Haikuingia mkononi, basi. Kadiri konzi inavyokuwa ndogo, ndivyo mabadiliko yanavyokuwa makubwa.

Sewall Wright, mwanabiolojia wa Marekani, alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1931. Kundi lenye wazazi 10 katika kila kizazi hupoteza, kwa wastani, asilimia 5 ya uanuwai wake wa jeni kila kizazi. Baada ya vizazi 20 hubakiwa na takriban asilimia 36. Kundi la wazazi 1,000, kwa muda huohuo, hubakiwa na asilimia 99.

Misungwi inapakana na Ghuba ya Mwanza, ambapo feri ilivusha watu kati ya Kigongo na Busisi hadi daraja lilipofunguliwa mwezi Juni 2025. Ziwa Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Lilipojaa tena, likawa makao ya spishi zaidi ya 500 za furu. Sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 furu wa ghuba walikuwa wameporomoka, na inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi zilitoweka ziwani. Baadhi, kama Haplochromis pyrrhocephalus, zilionekana tena kwa wingi katika miaka ya 1990.

Furu huyo aliporejea, watafiti walikuta matamvua yake yana eneo kubwa kuliko zamani, katika maji yaliyopungukiwa oksijeni. Badiliko hilo lina sababu. Lakini waliorejea ni uzao wa wachache walionusurika, na uchache huo una hesabu yake. Tuseme aleli moja, yaani umbo mojawapo la jeni, ilipatikana mara 2 katika kila nakala 100. Wakibaki wazazi 10 tu, uwezekano wa aleli hiyo kukosekana kabisa ni takriban theluthi mbili, hata ikiwa haikuwa na kasoro yoyote. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hairudishi rangi iliyopotea. Nyavu zikijaa tena, wingi umerudi. Uanuwai haukurudi nao. Yakija maradhi mapya au maji yakibadilika tena, huenda kilichopotea ndicho kitakachohitajika.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa na uzito. Tangu TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, imedhihirika kwamba Kiswahili kinaweza kubeba elimu hii. Kinachohitajika ni uangalifu katika kuteua neno. Mfasiri anaweza kuvutiwa na "mkondo wa jeni". Lakini mkondo una upande unakoelekea, na mvuvi wa Kigongo anajua utampeleka wapi. Jambo linalozungumzwa hapa halina upande. "Sadfa ya urithi" inalieleza kwa uaminifu zaidi.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Mwanafunzi atakayefundishwa "mkondo" atadhani kilichopotea kilikuwa kinaelekea kupotea, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya. Atakayefundishwa "sadfa" atauliza: walibaki wangapi? Swali hilo huulizwa kwa manufaa wakati samaki bado wapo.