Dawa za Maumivu Zisizopatana na Dawa Nyingine
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kipkelion)

Wazee wetu, kina mama na vijana, leo tuongee juu ya vidonge vya mgongo na magoti. Anayechuma majani chai au kupanda milima hii na mzigo wa kuni hakosi maumivu, na dukani vidonge havina bei.

Ninasema zile dawa za kupunguza uvimbe: Brufen, diklofenaki na aspirini. Hizi ni ndugu wa ukoo mmoja. Panadol si wa ukoo huo. Kwa hivyo ukimeza diklofenaki asubuhi na Brufen jioni, usidhani umepata dawa mbili. Ni kama umemeza ile moja kupita kiasi, na tumbo ndilo litakalolipa. Sindano ya diklofenaki pia ihesabiwe. Na msiseme ati nimekula ugali na mursik kwanza! Chakula hutuliza tumbo kidogo, lakini dawa hupitia pia kwenye damu, na kidonda chaweza kuja tu.

Ninalotaka tukae nalo ni presha. Kogo zetu wengi humeza enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojoa. Sasa sikieni. Figo huchuja zikipata damu ya kutosha. Dawa ya kukojoa hupunguza maji mwilini, enalapril hulegeza mshipa unaotoka kwenye chujio la figo, na diklofenaki hubana ule unaoingia. Zikikutana zote tatu, hasa kwa mzee aliyeharisha au aliyeshinda shambani bila maji, figo zaweza kuacha kazi. Tena presha yenyewe hupanda, na daktari asiyeambiwa habari ya diklofenaki ataongeza dawa ya presha bure.

La ARV naliweka wazi, maana kuna wanaomeza kwa siri hata dukani hawasemi. Zile zenye tenofovir na diklofenaki huweza kuumiza figo pamoja. Mwambie daktari, si lazima umwambie jirani. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda asiguse Brufen hata kidogo bila ruhusa, kwa sababu anaweza kuvuja damu ndani. Prednisolone ya pumu nayo huongeza hatari ya vidonda vya tumbo, na chang'aa vilevile (wenyewe mnajijua). Mama mjamzito, hasa aliyepita miezi minne na nusu, aulize kliniki kwanza.

Ukienda kutibiwa beba pakiti zote za nyumbani kwenye mfuko mmoja, na miti shamba uitaje. Lakini ukiona choo cheusi kama lami, ukatapika kitu kama unga wa kahawa, mkojo ukapungua au miguu ikavimba, acha kidonge cha maumivu uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya soko.