Haya, Jinsia na Haki ya Kusema: Mfano wa Mbinga



Husemwa mara nyingi kwamba mwanamke wa kijijini hasemi mkutanoni kwa sababu ana haya. Leo napenda kuonyesha kwamba kauli hiyo inageuza matokeo kuwa sababu.

Tuanze na maneno yenyewe. Katika Kiswahili, haya na aibu hutofautiana. Haya hutangulia tendo na kumzuia mtu. Aibu humfika baada ya tendo. Ndiyo maana "hana haya" ni lawama, ilhali kuwa na haya ni sifa, hasa kwa binti. Anayesifiwa kwa kunyamaza hujifunza kunyamaza.

Tutazame Umatengo. Katika kilimo cha ngoro, desturi ilimpa mwanamume kazi ya kufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, na mwanamke kazi ya kuchimba mashimo na kuzifukia nyasi hizo. Hata hivyo sengu, ambako wanaume wa ukoo walikula pamoja, wakaamua mashauri na kuwafunza vijana, ilikuwa baraza lao. Mchimbaji wa ngoro hakuwa msemaji wa shamba.

Tushuke sasa hadi Mbamba Bay, katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Mwanamke auzaye usipa hupatana bei na mnunuzi asiyemjua, kwa sauti, mbele ya watu. Kama haya ingekuwa maumbile yake, ingemfuata hadi sokoni. Kwa mtazamo wa isimujamii, kilichobadilika ni muktadha: nani huanza kusema, nani hukatizwa, na nani hujibiwa.

Jambo hili lina gharama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Lakini mjane anayenyang'anywa shamba la kahawa na shemeji zake hatasaidiwa na mjumbe anayeitikia tu. Mwenyekiti wa baraza na awaite wajumbe kwa zamu, na anayejieleza vizuri zaidi kwa Kimatengo aruhusiwe.

Nanyi wanafunzi, mkimhoji mke mbele ya mumewe naye akanyamaza, msiandike "hakuwa na maoni". Andikeni ni nani aliyekuwapo, kisha mrudi mkamsikilize akiwa peke yake.