Elimu ya Nyumbani kwa Vijana Wetu wa Sekondari
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kiwayu)



Twataka kusema juu ya Sayansi Kimu, yaani masomo ya mapishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba, kwa vijana wetu walio sekondari.

Somo hili si geni katika pwani. Skuli ya Serikali ya wasichana ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilikuwa na mapishi na ushonaji katika masomo yake. Hapa Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, mtahiniwa wa Kidato cha Nne alichaguaye hufanya karatasi tatu: ya nadharia, ya kushona na ya kupika. Sekondari ya juu iliyoanza Januari 2026 nayo imeliweka miongoni mwa masomo ya kuchagua.

Kwanza tuseme la wavulana, kwani ndilo lililozua maneno barazani. Wako waliouliza mtoto wa kiume wa Kiwayu afundishwe kupika kwa haja gani. Nasi twauliza, kwa heshima zote: wavuvi wetu waendapo dago wakalala huko siku nyingi, ni nani awapikiaye? Na tanga likipasuka hushonwa na nani? Kazi hizi wanaume wa visiwa hivi wamezifanya tangu zamani, wala hapana aliyeona haya. Twaona basi si haki kumzuia kijana asijifunze darasani kile ambacho baba yake hukifanya chomboni.

La pili ni maji, nalo ni zito. Kitabu cha skuli humwambia mwanafunzi afungue bomba. Kisiwa chetu hakina mto. Twategemea mvua na jabia, na maji ya kisima mara nyingi yana chumvi. Kijana wetu yampasa kujua kusafisha jabia kabla ya mvua na kufunika mtungi. Na kuni zikiadimika, maji maangavu yakitiwa katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, yakalazwa juani saa sita, vijidudu vingi vya maradhi hufa. Mawingu yakitanda, ni siku mbili. Lakini jua haliondoi chumvi, na hilo nalo lifundishwe.

Tena kuna chakula cha wasichana. Msichana aliyekwisha kubaleghe huhitaji madini ya chuma kuliko kaka yake, na upungufu wake humletea uchovu hata asiweze kusoma. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili usiyapate madini hayo barabara. Ndimu katika mchicha au kunde husaidia. Vyote viwili, chai na ndimu, vimo majumbani mwetu. Linalotakiwa ni kuichelewesha chai baada ya chakula, jambo lisilogharimu hata senti moja (ingawa twajua kuna wazee watakaoliona gumu kuliko yote tuliyoyasema).

Mwisho ni hesabu ya nyumba. Mabwana, mnakumbuka Septemba 2011, hoteli iliyo ng'ambo yetu iliposhambuliwa. Wageni walikoma kuja, na nyumba zilizoishi kwa mishahara yao zikarudi kutegemea bahari peke yake. Bahari nayo ina misimu: kaskazi huleta fedha, kusi huzifunga mashua. Kijana ajuaye kusoma mizani kamba wanapouzwa kwa kilo, ajuaye kuandika kilichoingia na kilichotoka, na kuweka akiba ya kaskazi kwa ajili ya kusi, huyo huilisha nyumba yake mwaka mzima.

Kwa hiyo twaomba Chama kikubali kulipia darasa la likizo ya Aprili hapa kisiwani, kwa wavulana na wasichana waliorudi kutoka skuli zao za ng'ambo. Twahitaji vyerehani viwili vya miguu visivyotaka umeme, mizani moja, vitambaa, na vyakula vya mazoezi. Mkikubali leo, vyerehani vyaweza kupakiwa Lamu kabla ya kusi kushika nguvu.