Homa ya Nguruwe Hupanda Pikipiki

Ndugu msikilizaji wa Kibiti, wa Ikwiriri, na wewe wa Salale huko deltani, najua wengi wenu hamfugi nguruwe, na kitimoto hakipikwi majumbani mwenu. Lakini nguruwe mwitu mnamjua kuliko mtu wa mjini: ndiye anayewakesheza juu ya dungu mpunga unapokomaa. Basi tegeni sikio pamoja na wale wachache wenye mabanda.

Homa ya nguruwe ya Afrika ni ya kwetu hapa. Wataalamu waliieleza kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Ngiri huishi na virusi vyake bila kuugua. Papasi wa shimoni mwake humnyonya, na papasi huyo akimuuma nguruwe wa kufugwa, banda zima laweza kwisha.

Ila papasi hasafiri mbali. Mwaka 2010 ugonjwa ulizuka Kyela, mpakani na Malawi; haikupita miaka miwili ukawa umefika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Nani aliubeba?

Asubuhi nguruwe wawili wamegoma kula pumba, wamelaliana pembeni, masikio yameiva wekundu unaoelekea zambarau. Mwenye banda anajua dawa hakuna, na chanjo hana. Jua halijapanda, amekwisha kumpigia mchinjaji. Huyo anafika na pikipiki, tenga nyuma, damu ya jana imekaukia kwenye fito. Viatu vilevile, kisu kilekile, kamba ileile iliyomfunga nguruwe wa kijiji cha pili. Anaingia hadi ndani, anashika huyu, anageuza yule, wanapatana nusu bei. Nyama inakwenda baa. Utumbo na makombo ya sahani yanaishia kwa mfugaji mwingine, chakula cha bure. Na virusi hivi hudumu miezi katika nyama iliyokaushwa.

Simlaumu sana muuzaji. Ada ya mtoto imo bandani mle, na karantini ikitangazwa soko linafungwa. Hata hivyo, ofisa mifugo wa kata apigiwe simu kabla ya mchinjaji. Mapatano yafanyikie nje ya ua. Makombo yachemshwe yatokote nusu saa nzima. Mizoga izikwe, isitupwe mtoni.

Binadamu haambukizwi homa hii. Nawe mlinzi wa mpunga, ukimuua nguruwe mwitu, mfukie, maana naye aweza kuwa na virusi hivi. Utumbo wake usifike bandani kwa jirani, hata akiuomba.